Uzungumzi nafsi kwenye tanzia: wanafunzi wanaandika "unaonyesha tabia" halafu wanaishia hapo

Mwl_Uyole

Mugonile wadau. Nina HKL (Historia, Kiswahili na Kiingereza), Kidato cha Tano, hapa Mbeya. Nikiuliza kazi ya uzungumzi nafsi (mhusika kusema peke yake jukwaani) katika tanzia, madaftari yote yanarudi na sentensi moja: "Humsaidia msomaji kujua tabia na mawazo ya ndani ya mhusika." Siwezi kuikata kwa kalamu nyekundu maana si uongo. Lakini sentensi hiyo mtu anaweza kuiandika hata kama kitabu hajakigusa.

Nina maswali matatu. Kwanza, mwanafunzi afanye nini hasa na maneno yaliyo mbele yake ili atoke kwenye sentensi hiyo? Pili, wengi wananitajia hotuba ya Antony mbele ya maiti ya Kaisari, katika Julius Caesar ya Shakespeare, kuwa ni uzungumzi nafsi. Nawatenganishiaje bila kuwakaririsha fasili? Tatu, mwisho wa muhula tunaigiza vipande viwili bwaloni, na kila mhusika akibaki peke yake akaanza kusema, bwalo zima linacheka. Wenye tatizo ni watazamaji au ni sisi?

KalamuYaKihesa

Kamwene Mwalimu. Naanza na la pili kwa kuwa ni fupi. Usiwaulize "mhusika yuko peke yake?" Waulize "anataka nini kwa anayemsikia?" Antony pale uwanjani anataka umati wa Roma ugeuke, na kweli unageuka. Kila neno lina mnunuzi wake, kwa hiyo ile ni hotuba. Uzungumzi nafsi wake uko kabla ya hapo, tendo la 3 onyesho la 1, wauaji wakishatoka na yeye akabaki na maiti. Anaiomba radhi kwa kuwa mpole mbele ya wachinjaji, kisha anatabiri vita vya wenyewe kwa wenyewe Italia nzima. Waandikie vipande vyote viwili kwenye karatasi moja, safu mbili. Mtu ni yuleyule, kifo ni kilekile, na muda uliopita ni mfupi tu. Huku wauaji ni wachinjaji, kule ni waheshimiwa. Darasa likiliona hilo lenyewe, huna haja ya kuandika fasili ubaoni.

La kwanza sasa, ndilo lenye nyama. Tabia haikai kwenye yale mhusika anayosema kujihusu. Inakaa pale fikra zake zinapokata kona. Chukua Macbeth, ya Shakespeare vilevile, tendo la 1 onyesho la 7. Ni mistari 28. Mfalme Duncan yuko mezani anakula, na mwenyeji wake Macbeth, anayewaza kumuua, ametoka karamuni na kusimama peke yake. Mpe mwanafunzi penseli, aweke mkwaju (/) kila mahali hoja inapogeuka. Mkwaju wa kwanza atauweka upesi: Macbeth anaanza kwa kusema kwamba kama tendo lingeishia hapahapa duniani bila kuzaa jambo jingine, ya ahera angeyabahatisha. Kisha anageuka: lakini hukumu ipo hapahapa, anayefundisha damu hurudishiwa somo lake. Anageuka tena: huyu ni ndugu yangu, ni mfalme wangu, na usiku huu ni mgeni wangu, mwenyeji kazi yake ni kumfungia muuaji mlango, si kushika kisu. Tena: Duncan ametawala kwa upole mno, huruma itapanda upepo kama kitoto kichanga kilicho uchi na kupuliza tendo hili kwenye kila jicho. Mwisho: sina mchokoo wowote wa kunisukuma isipokuwa tamaa, inayoruka ikajipita na kuangukia upande wa pili.

Mikwaju minne, hoja tano. Sasa swali la kuuliza: mbona ameanza na malipo? "Nitarudishiwa" imetangulia "ni mgeni wangu". Mwanafunzi akiliona hilo tayari ana sentensi ambayo jirani yake hana. Lakini asikimbilie kuandika kwamba Macbeth ni mwoga tu, maana kadiri anavyoendelea, picha zinakua na hesabu zinapungua. Kile kitoto uchi hakina faida yoyote kwenye hesabu yake ya hatari. Ni dhamiri imemponyoka. Tanzia iko hapo: anayeua ni mtu mwenye macho ya kuona yote hayo.

Baada ya mikwaju, azungushie kila mahali tendo linapotajwa. Mwanzoni hapo halitajwi. Ni "jambo hili", "likifanyika", "likiisha". Neno lenyewe la kuua linafika mstari wa pili, baada ya "likifanyika" kurudiwarudiwa. Na hapa sisi wa Kiswahili tuna bahati, kwa sababu vitenzi vyetu humtaka msemaji aamue nani anatenda. Wape sentensi tatu wachague: "nikilitenda", "likitendwa", "likitendeka". Ya kwanza inamweka Macbeth na kisu mkononi. Ya pili inamficha mtendaji. Ya tatu inafanya kana kwamba mtendaji hayupo kabisa, jambo limejitokea lenyewe kama mvua. Waulize ipi inafaa mstari wa kwanza na ipi inafaa pale anapotaja kisu. Kipindi cha dakika 40 kitaisha mkibishana, na ubishi huo ndio uchambuzi.

Jambo la tatu wengi hulisahau: soma mistari inayofuata. Mkewe anaingia, na Macbeth anamwambia tusiendelee na shughuli hii. Sababu anazompa? Kwamba mfalme amempa heshima karibuni na watu wanamsifu, angependa avae sifa hizo zikiwa bado mpya. Ndugu, mgeni, kitoto kichanga, hukumu, hakuna hata kimoja anachomwambia. Alichokisema peke yake na alichomwambia mkewe havifanani, na katika pengo hilo mnamjua Macbeth, mnaijua na ndoa yake. Kabla onyesho halijaisha ameshakubali.

Aya ya mtihani iwe hivi, kwa mfano: "Akiwa peke yake Macbeth anataja undugu, utiifu na ugeni kuwa sababu za kutomuua Duncan, lakini mbele ya mkewe anataja sifa zake mpya tu. Mwandishi anatuonyesha mtu anayelijua jema ila anaona haya kulitetea mbele ya anayempenda." Sentensi mbili, ushahidi umo, na neno "tabia" halijatumika.

Mzee_wa_Pazia

Kalamu kamaliza, ila naongeza onyo. Vitabu vingi vya mwongozo vinafundisha kwamba mhusika akiwa peke yake husema kweli tupu. Mwalimu, ukiwaachia hilo watakwama kwa Iago, yule askari anayemwangamiza mkubwa wake Othello.

Iago anawaambia watazamaji mengi kuliko mtu yeyote katika Othello. Hata kwa idadi ya mistari anampita mwenye jina la mchezo. Sasa hesabu sababu zake. Mwanzo analalamika kwa Roderigo kwamba cheo kapewa Cassio. Akibaki peke yake mwisho wa tendo la 1, sababu imekuwa uvumi kwamba Othello kalala na mkewe, na hapohapo anakiri hajui kama ni kweli, ila atalichukulia kama ni hakika. Tendo la 2, amemwongeza na Cassio kwenye shaka ileile. Mtu mwenye sababu moja ya kweli haongezi nyingine kila akisimama. Chuki ilikuwepo tangu mwanzo, sababu anaziokota njiani. Na mwisho wa mchezo, anapoulizwa mbele ya watu kwa nini alifanya hivi, anasema hatafungua kinywa tena. Aliyetunong'oneza muda wote anatufungia mlango usoni.

Brutus naye, mmoja wa wauaji wa Kaisari katika Julius Caesar, tendo la 2 onyesho la 1, usiku bustanini. (Hiki mnakipata katika tafsiri ya Mwalimu Nyerere, iliyotoka kwanza 1963 akaipitia upya 1969.) Neno lake la kwanza ni kwamba lazima Kaisari afe. Hukumu imetangulia, ushahidi unatafutwa baadaye. Tena ushahidi wenyewe anaukiri kuwa haupo: binafsi hana kisa naye, wala hajawahi kuona hisia za Kaisari zikimtawala kuliko akili. Kwa hiyo anahamia kwenye "huenda". Huenda akivikwa taji atabadilika. Basi tumhesabu kama yai la nyoka, tumuue angali gandani. Wanafunzi wahesabu kila "huenda" na kila "labda" katika kipande hicho. Brutus hadanganyi mtu, anajidanganya, na ni mtu mwema kweli. Ukimwita mnafiki umekosa, ukimwita mkweli umekosa vilevile.

Wa tatu ni Hamlet, tendo la 3 onyesho la 3. Mfalme Claudius, aliyemuua baba yake Hamlet, yuko peke yake, anakiri kosa lake, anapiga magoti. Hamlet anaingia nyuma yake, upanga mkononi, anajiambia kwamba akimuua katika sala roho itakwenda mbinguni, kwa hiyo angoje amkute kwenye dhambi. Anaondoka. Claudius anasimama na kusema maneno yamepaa lakini mawazo yamebaki chini. Maana yake sala haikushika! Wawili katika chumba kimoja, kila mmoja anasema peke yake, hakuna anayemsikia mwenzake, na mtazamaji tu ndiye anayejua kwamba Hamlet angeweza kupiga. Kinaya kama hicho hukipati kwa mazungumzo ya kawaida.

Nsalaga_Juu

Nyongeza fupi. Kile maarufu cha Hamlet, cha kuwa au kutokuwa, hakimo katika upweke kamili: Ophelia, binti anayependwa na Hamlet, yupo jukwaani, na Claudius na Polonius, baba wa binti huyo, wamejificha wanachungulia. Tena kuanzia mwanzo hadi anapomwona Ophelia hakuna "mimi" hata moja. Yote ni "sisi", "nani angevumilia", "mtu". Ndiyo maana tafsiri ya "niwe au nisiwe" inaharibu: imemwingiza "ni-" mahali ambapo mwandishi kamtoa. "Kuwa au kutokuwa" inatosha, kitenzi jina hakina mwenyewe. Linganisha na kipande cha tendo la 2 baada ya waigizaji kuondoka, ambapo anajitukana kwa "mimi" kila kukicha.

BatiNaBenchi

Mimi nijibu la bwalo, maana naona wasomi wamelikwepa.

Watazamaji hawana kosa. Wanacheka kwa sababu wanaona mtu anayejisemesha, na mtaani kwetu anayejisemesha tunajua anaitwaje. Mwigizaji wenu bila shaka anatembea huku na huko, mkono kwenye paji la uso, macho darini. Kawafungia watu nje, halafu mnashangaa wakicheka.

Kumbukeni vipande hivi viliigizwa wapi. Globe ya London, ukumbi wa michezo wa Shakespeare, ilikuwa wazi juu, mchezo ulikuwa mchana, jukwaa limechomoza katikati ya watu na watazamaji wamelizunguka pande tatu. Mwigizaji aliona nyuso. Akiuliza swali, aliwauliza wao. Kwa hiyo toeni benchi kwenye mistari ya mkutano, zipangeni kiatu cha farasi, safu ya kwanza iwe hatua mbili au tatu kutoka kwa mwigizaji. Jukwaa la saruji la mbele ya bwalo liacheni, mchezeni chini, sakafuni. Mwigizaji achague nyuso tatu, kushoto, katikati, kulia, na kila hoja mpya aipeleke kwa uso mwingine. Ile mikwaju ya Kalamu ndiyo alama zake za kugeuka. Swali la Macbeth akimwuliza mtu wa safu ya kwanza ana kwa ana, huyo mtu hatacheka, atameza mate.

Mazoezini tumieni viti viwili. Hoja ya kuua, kaa kiti hiki. Hoja ya kuacha, hamia kile. Wiki ya kwanza ahame kwa mwili kabisa. Wiki ya pili viti vinaondolewa na kuhama kunabaki kwenye macho na pumzi. Mkiruka hatua hii atakariri kama shairi la Mwenge, sauti moja mwanzo mwisho.

Muda: mistari 28 ya Kiingereza ni kama dakika mbili. Kiswahili maneno yetu ni marefu, kipande hichohicho kitazidi. Kikipita dakika tatu bwalo litaanza kukohoa, kwa hiyo punguzeni, ila msikate kona yoyote. Kateni picha zinazorudia. Kwenye kisu kinachoelea cha tendo la 2, msining'inize kisu kwa uzi. Kisu hakipo, kipo kichwani kwake. Mwigizaji achague nukta moja hewani, usawa wa macho, umbali wa mkono na nusu, na macho yasiiache hata akijongea. Nukta ikihamahama, watazamaji wanapoteza kisu.

Halafu mvua. Bwalo la bati na mvua ya Mbeya kati ya Novemba na Aprili, uzungumzi nafsi haushindi hata mkipiga kelele, na ukipigiwa kelele si wenyewe tena. Pangeni asubuhi, mchana kutwa wingu linajijenga. Ikishuka mkiwa katikati, ni bora mwigizaji anyamaze akiwa ndani ya uhusika mpaka ipungue kuliko kupayuka.

Na kile kipande cha Macbeth kinakatika: anafika kwenye "upande wa…" na mkewe anaingia. Mwigizaji wa kike asimsubiri amalize. Wengi humsubiri kwa adabu. Aingie juu ya sentensi yake.

Mwl_Uyole

Asanteni sana wakuu, hasa viti viwili na safu mbili za Antony, naanza navyo Jumatatu. Nauliza tena mawili. Lady Macbeth naye mnamweka wapi, maana nataka binti mmoja apate kipande? Na upande wa Kiswahili, tanzia zetu zinafanyaje jambo hili? Kinjeketile wanaisoma, lakini wanatafuta uzungumzi nafsi wa namna ya Hamlet hawauoni.

KalamuYaKihesa

Lady Macbeth mpe tendo la 3 onyesho la 2. Ni mistari minne tu akiwa peke yake: tumetumia vyote na hatujapata kitu, heri kuwa yule aliyeuawa kuliko kukaa kwenye furaha ya mashaka. Mume anaingia, na papo hapo anamwambia yaliyopita yamepita, kwa nini unakaa peke yako. Barakoa inavaliwa mbele ya macho yetu. Binti akiweza kubadilika katika pumzi moja kati ya mstari wa nne na wa tano, kazi imekwisha. Kile cha kuota usiku akinawa mikono, tendo la 5, si uzungumzi nafsi kwa hesabu kali, kwa kuwa mganga na mhudumu wanamsikiliza na yeye amelala. Ila angalia: usingizini anaacha ushairi, anasema nathari iliyokatikakatika. Mtunzi amemvua hata mizani.

Lugalo_91

Kamwene wote. Kuhusu Kinjeketile ya Ebrahim Hussein, 1969: darasa linatafuta mahali pasipo. Shujaa wetu wa jukwaani mara nyingi hukaa na mwenzake wa kumfungulia moyo, na ya ndani yanatoka kwa kubishana. Kinjeketile anapogundua kwamba neno alilolizaa limemzidi nguvu, yuko na Kitunda. Mwisho anatakiwa atamke kwamba maji yalikuwa uongo, anakataa, na sababu anamweleza mtu. Swali la darasani liwe hilo: angeyasema haya peke yake, tungepoteza nini? Jibu langu ni kwamba tungepoteza hoja ya Kitunda, na bila hoja hiyo kukataa kwake kusingekuwa na uzito. Tanzia ya kale ya Wagiriki ilikuwa na hali ya kufanana na hii, kwani kiitikio (kundi la waimbaji linalotoa maoni juu ya mambo) kilikaa jukwaani karibu muda wote, upweke kamili ulikuwa nadra. Ajax wa Sophocles anabaki peke yake kweli kabla ya kujiangukia upanga, na inashtua kwa sababu haikuzoeleka.

Kama unataka waandike wenyewe, mada iko hapa kwetu. Mkwawa, Mlambalasi, Julai 1898. Lugalo alishinda 17 Agosti 1891. Ngome ya Kalenga ilianguka Oktoba 1894. Mdogo wake Mpangile alitawazwa na Wajerumani, kisha wakamuua 1897. Sasa wanamkaribia, na tarehe 19 Julai anajipiga risasi. Mwanafunzi aandike dakika mbili za mwisho kabla ya mlio.

Masharti magumu kidogo, la sivyo utaletewa hotuba ya Uhuru. Asitaje ushujaa wake. Asisimulie historia, kwani mtu aliye peke yake hajikumbushi tarehe anazozijua. Hizo nilizotaja ni za mwandishi, zikae kichwani mwake tu. Kuwe na kona zisizopungua tatu, na moja iwe inampeleka kwenye kujisalimisha kwa nguvu ya kweli, kiasi kwamba msomaji aamini atajisalimisha. Jina la Mpangile litokee mara moja tu. Kuwe na kitu kimoja cha kushikika: bunduki, moto unaokufa, baridi ya Julai ambayo nyie wa Mbeya hamhitaji kuelezwa. Na aishie sentensi ikiwa nusu.

Kwa kawaida kitakachoharibika ni kona ya kujisalimisha. Wataiandika legelege kwa sababu wanamheshimu. Warudishie mpaka iume.

Mwl_Uyole

Nimeipenda. Kuna mwanafunzi wa Iringa ataniuliza tu: je, aweza kumpeleka Gangilonga badala ya Mlambalasi, aseme na jiwe? Si wanasimulia alikuwa akienda pale kutafakari, na jina lenyewe ni jiwe linalosema.

Lugalo_91

Aende, ila iwe siku nyingine ya maisha yake, kabla Kalenga haijaanguka, kwa sababu mwisho wake ulikuwa Mlambalasi. Na jiwe lisijibu. Likijibu, Mkwawa atakuwa amepata wa kumshawishi, na mtakuwa mmerudi uwanjani kwa Antony.